Baridi ya Mafinga, mbao mbichi na hadithi ya kwenye maandazi

Hii naiandika kwa ajili ya wale mliopata kazi huku Nyanda za Juu Kusini na mnatakiwa kuripoti mwezi wa sita. Wanaokuja mwezi wa kumi hawana shida, watazoea pole pole, ila we wa mwezi wa sita unatolewa kwenye joto unatupwa moja kwa moja kwenye ukungu na hakuna mtu atakayekwambia kitu cha maana zaidi ya "beba sweta". Mi niliambiwa hivyo hivyo na kila mtu. Beba sweta. Sweta gani sasa, lile la shule?

Mi ni mtu wa Tanga, kuzaliwa na kukua, na kazi niliyopata ni ukarani kwenye yadi ya mbao Mafinga, mkoa wa Iringa. Ukitoka Dar na basi la asubuhi mpaka Mikumi bado uko kwenu, ukifika Ruaha Mbuyuni ndo kabisa, jua linawaka, mibuyu imesimama haina hata jani, vijana wanakugongea dirishani na vitunguu kwenye nyavu, unafuta jasho unajisemea hawa watu wananitania. Basi likaanza kupanda Kitonga. Pale gari linajivuta nyuma ya malori kona baada ya kona, na hapo ndo nikamwona mama wa siti ya mbele anafungua begi lake bila kumsemesha mtu anatoa blanketi. Sio khanga, blanketi. Madirisha yakaanza kufungwa moja moja. Tunapita Ilula mikono yangu yote miwili ilishaingia ndani ya shati na mikono ya shati inaning'inia mitupu, jirani yangu ananiangalia kwa huruma. Mafinga nimeshuka giza limeingia, akaja mtu amevaa glovu, koti la mvua, kofia imeziba uso mzima yamebaki macho, nikakumbatia begi langu nikijua leo naibiwa. Kumbe bodaboda.

Sababu ya hiyo baridi nilikuja kuelezwa na Ticha, jirani yangu ambaye nitamleta huko mbele. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, we piga hesabu mwenyewe kutoka Tanga. Afu kuna upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi, ukifika kwenye yale magenge ya Mufindi unapanda, unapoa, unakuwa ukungu na manyunyu, kwa hiyo wakati sehemu nyingine za nchi ni kiangazi cha vumbi, huku kuna asubuhi unaamka huoni nyumba ya jirani. Chai inapenda hali hiyo, ndo maana mashamba ya chai yapo kule. Mi sio chai.

Asubuhi ya kwanza nilichukua chupa ya mafuta ya nazi niliyopewa na shangazi nijipake. Hayatoki. Nikatikisa, hayatikisiki. Yameganda meupe yote. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda, na kwa chumba changu sikuona yakiyeyuka tena mpaka karibu na mwezi wa tisa. Sasa kama na we ni mtu wa pwani usiyaache, ila yahamishie kwenye kopo la mdomo mpana uwe unachota kwa kidole, ukiyaacha kwenye chupa ya mdomo mwembamba itabidi uichome na jua na jua lenyewe halipo. Na ongeza mafuta ya mgando ya midomo na glisirini ya miguu, maana magaga ya huku sio ya utani, usiku ukijigeuza kisigino kinakwaruza shuka mpaka unaamka.

Kuhusu hela, tenga kabisa bajeti ya baridi, usiseme nitaona nikifika. Koti zito la mtumba nililipata 15,000 sokoni, blanketi 35,000, soksi za sufu na kofia sikumbuki lakini haikuzidi elfu kumi. Koti lenyewe lilikuwa zuri mno, zito, lina kofia yenye manyoya pembeni, nimelivaa kwa raha zangu karibu wiki nzima ndo mpakizi mmoja pale yadini akaangalia vifungo, akacheka akakaa chini. Koti la kike. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Karani, na hadi leo kuna madereva wa malori wanafika getini wanauliza "Mama Karani yupo?" wakitegemea mwanamke. Sikulibadilisha. Elfu kumi na tano ni elfu kumi na tano, na joto halina jinsia.

Ila kuna kitu kimoja kwenye hii habari ambacho sitakifanyia utani, nacho ni jiko la mkaa. Utatamani kuliingiza chumbani ufunge mlango ulale. Usifanye hivyo. Mkaa ukiwaka unatoa ile hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani, unalala usingizi mtamu hauamki. Mama mwenye nyumba yetu alikuwa mkali kuliko askari, saa tatu usiku anapita vyumba vyote anagonga, "jiko liko wapi?", mpaka alione nje ndo anaondoka. Mwanzoni nilimwona ananionea, sasa hivi nikisikia mtu analala na jiko naenda kumgongea mwenyewe. Badala yake tumia maji ya moto. Na hapa pia kuna elimu yake, usitie maji yanayochemka kwenye chupa ya maji ya kunywa ya dukani, ile plastiki laini inanywea inakunjamana mbele ya macho yako halafu inamwaga maji kitandani saa nne usiku, na godoro bichi kwenye mwezi wa saba ni jambo ambalo siwezi kulielezea kwa lugha ya adabu. Chukua lile dumu gumu la mafuta ya kula la lita 3, acha maji yatulie kidogo, kaza mfuniko, livalishe sweta kuukuu, liweke miguuni. Ticha yeye lake alilivalisha fulana ya timu yake na akawa analiita mke mdogo.

Tuje kwenye kuoga. Pwani tunaoga mara mbili na siku ya joto mara tatu, huku niliendelea na ratiba hiyo hiyo mpaka mama mwenye nyumba akaniita pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, una ugonjwa wa ngozi?" Bafu liko nje, ukuta hauna paa, unaingia na ndoo ya maji yanayotoa mvuke na wewe mwenyewe unatoa mvuke, ukijimwagia kopo la kwanza sehemu iliyolowa inapata raha na sehemu iliyobaki inaomba kufa. Nilichokuja kujifunza kwa wenyeji ni kwamba koti linasaidia lakini ratiba ndo inayokuokoa. Oga saa nane mchana kama kazi inaruhusu, au saa kumi kabla jua halijazama, anza na miguu panda juu taratibu, kichwa mwisho tena siku ya jua tu. Kufua ni saa tatu asubuhi sio jioni. Mambo yote ya maji yaishe kabla ya saa kumi na moja, baada ya hapo ni chai, moto na maneno.

Kwa Waislamu wenzangu, udhu wa alfajiri ndo mtihani wenyewe. Nilinunua chupa ya chai kubwa, usiku naijaza maji ya moto, alfajiri nachanganya na ya baridi natawadha kistaarabu. Sasa babu mlinzi wa yadi, ambaye nyumba yetu inapakana na geti lake, akawa ananiona kila alfajiri natoka na chupa ya chai na kikombe sina, akaamini nina chai naificha. Siku moja nimeiacha kibarazani naswali, narudi namkuta ameshajimiminia kikombe, amekaa, ameweka na sukari, anaonja, anaonja tena, ananiangalia. "Karani," akasema, "chai ya kwenu Tanga haina majani?"

Huyo babu ndo rafiki yangu wa kwanza Mafinga. Ni Mhehe wa makamo ya juu sana, amevaa kabuti la zamani linalofika kwenye buti, miwani yake ina mkono mmoja na upande wa pili ameweka kamba inazunguka sikio. Namwamkia shikamoo, anaitikia, halafu tunaanza upya kwa kamwene, salamu ya Kihehe, halafu nyumbani, halafu wazazi, halafu usingizi, halafu baridi. Huwezi kukatisha, ukikatisha unaonekana una kiburi. Tatizo ni kwamba kazi yangu ni kuhesabu. Yadini unasimama mbele ya rundo la mbao za 2x4, unahesabu mistari, umefika 140 na kitu, anapita mzee mmoja na baiskeli, kamwene, unajibu, habari za nyumbani, za kazi, za baridi, anaondoka, ukirudi kwenye rundo kichwani hakuna kitu. Unaanza moja. Umefika 90 anapita mama na ndoo. Wiki ya kwanza kuna rundo nililihesabu mpaka lori likaondoka kwenda kunywa chai likarudi. Dawa ni chaki, kila mbao kumi unachora mstari kwenye kichwa cha mbao, hata aje nani na salamu zake unamalizana naye kwa heshima unarudi kwenye mstari wako. Na kalamu ya wino inagoma asubuhi, ile ya biro, wino unakuwa mzito, unakwangua karatasi tu. Weka mbili, moja unaandikia, nyingine iko kwapani inapata joto, unazibadilisha. Nilicheka sana siku mkaguzi alipoomba kalamu nikachomoa ya kwapani nikampa, akaipokea, akaishika, akaniangalia, "mbona ina joto?"

Afu kinachouma ni kwamba baridi yenyewe inakuwa ya karani peke yake. Wapakizi wanafika saa kumi na mbili wamejikunyata, lakini wakibeba mbao mabegani nusu saa tu wameshavua mashati, mgongo unafuka moshi kweli kweli, unauona unapanda kwenye ile hewa nyeupe, wanaimba, na mi nimesimama pembeni na koti langu la kike nashika daftari meno yanagongana. Nilijaribu kubeba ili nipate joto. Mbao mbichi ya paini ni nzito aisee, mbili tu nikarudi kwenye ukarani wangu.

Hapa niseme neno kwa wanunuzi maana linawahusu. Mbao nyingi za huku ni paini, zingine mlingoti, yaani mkaratusi, zinatoka kwenye msitu wa Sao Hill na mashamba ya watu binafsi, zinapasuliwa porini kwa zile mashine za kuhamishika wanaziita dingidongi. Miezi ya manyunyu hazikauki vizuri. Tunazipanga kwa kuweka vijiti katikati hewa ipite, lakini ukungu ukikaa siku nyingi paini inaingia ule weusi wa bluu, na ikisafirishwa mbichi kwenda kwenye joto la Dar inapinda paani kwako. Kwa hiyo ukija kununua mwezi wa saba inua mbao mwenyewe usikie uzito, piga kwa kifundo cha kidole usikie mlio, na usikubali neno la kwenye simu. Kuna mteja alinipigia kuuliza "karani, hizo mbao zimekauka kweli?" nikamjibu "zimekauka kuliko nguo zangu", akafurahi akatuma advansi, hakujua suruali yangu ya jinzi ilikuwa kwenye kamba tangu Jumapili. Bosi alisikia. Akampigia mteja akamweleza ukweli, mi akanipa maneno yangu, na mzigo ukasubiri.

Kuhusu nguo zenyewe, shida ni kwamba mkono uliokufa ganzi hauwezi kutofautisha ubaridi na ubichi. Unashika shati kwenye kamba unaona bado, kesho unashika unaona bado, kumbe limekauka jana ni la baridi tu. Mama mwenye nyumba alinifundisha kuliweka shavuni, karibu na mdomo, pale ngozi bado ina akili. Kwa hiyo asubuhi ukipita uani kwetu utakuta watu wazima wamesimama kwenye kamba wamekumbatia mashuka mashavuni macho wamefumba, na Ticha alisema mgeni akiona atadhani tumefiwa.

Ticha ni mwalimu wa sekondari, kwao Kyela. Kila mtu akisikia anatoka mkoa wa Mbeya anamwambia "aah we baridi umezoea", na yeye anakasirika kila mara, maana Kyela iko chini kule pembeni ya Ziwa Nyasa, joto tupu, mpunga na kokoa, mtu wa Kyela na mtu wa Tanga Mafinga tunateseka sawa sawa. Tulifahamiana kwa sababu wote wawili jioni tulikuwa tunakimbilia moto wa babu. Babu alikuwa anawasha moto wa mabanzi nje ya kibanda chake, yale mabanzi ya paini yenye utomvu, yanawaka kwa kelele, cheche zinaruka, na kila mmoja wetu ana koti lenye vitundu vya ushahidi. Siku za mwanzo tulikaa tunatazamana. Simu bando limeisha, umeme ukikatika ndo kabisa, na saa moja ni giza, sasa mpaka saa nne mtaongea nini?

Babu alikuwa anasoma. Yaani kila karatasi yenye maandishi ikipita mbele yake anaikunjua, anainyoosha kwenye goti, anavaa miwani yake ya kamba, anasoma kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, matangazo ya vifo, zabuni za kujenga vyoo vya shule, bei za mahindi za miaka iliyopita, yote kwa sauti ile ile ya kuhutubia. Na karatasi zake zote zilikuwa zinatoka sehemu moja, kwa Mama Maandazi wa stendi, ambaye ananunua magazeti ya zamani kwa kilo anafungia maandazi na karanga. Jioni moja nimeleta maandazi manne, babu akakunjua gazeti, kimya kidogo, akaanza kusoma hadithi. Ile ya kila wiki, ya jamaa mmoja ameoa mke mzuri sana lakini kila usiku wa manane mke anatoka nje bila kufungua mlango. Sehemu ya 7. Imefika pale jamaa anamfuata nyuma nyuma mpaka makaburini, mke anageuka, anamwambia "nilijua utakuja", halafu ITAENDELEA WIKI IJAYO, na chini kabisa doa la mafuta.

Babu alivua miwani. "Karani," akasema, "kesho lete mengine."

Ndo tukaingia kwenye gharama ambayo hakuna mtu aliyeniambia nibajeti. Maandazi. Kesho yake nikaleta sita, gazeti la michezo. Keshokutwa Ticha akaleta ya elfu mbili, tukapata sehemu ya 12, mjomba wa yule jamaa ameshakufa, kafaje hatujui. Siku nyingine sehemu ya 4, ndo kwanza wanaposana. Ticha kwa ualimu wake akafungua faili, anabandika vipande kwa mpangilio, pengo anaandika kwa peni nyekundu "haijapatikana". Wapakizi wakasikia, wakaanza kukaa. Ikafika wakati jioni pale getini kuna watu saba nane, kila mtu ameleta andazi lake, hakuna mwenye njaa, tunakunjua kwanza tunakula baadaye, na babu akikuta matangazo tu analaani kama ameibiwa. Tulinenepa wote. Suruali yangu ya jinzi hatimaye ilipokauka haikufunga.

Tulimwomba Mama Maandazi atuachie tupekue lile furushi lake la magazeti. Akasema nunua kwanza. Tukasema tutanunua furushi zima, akasema sasa yeye afungie nini. Baada ya wiki akashtuka kuna biashara, akaanza kusoma mwenyewe kabla ya kufunga, ukifika anakuuliza "nikufungie kwenye ya 15 au kwenye ya kawaida?" na ya 15 unaongeza mia mbili. Mi nililipa. Sijutii. Ya 15 ndo ile mke anajulikana kumbe ni mdogo wake marehemu.

Halafu siku moja ya mwezi wa nane, ukungu umekaa tangu asubuhi, akatuambia ameshafika mwisho. Anao. Ameusoma, ameuweka ndani kwake, hauuzi. Anataka mabanzi. Bosi alikuwa anaruhusu wafanyakazi kuchukua mabanzi ya kuwashia, basi tukachangishana, mkokoteni ukajaa, ukapelekwa mpaka jikoni kwake, na yeye akaja getini mwenyewe jioni, akakaa kwenye kiti cha babu, akajifunika khanga mbili juu ya sweta, akaanza kusimulia. Kwamba mwishoni mjomba anakuja kuwapatanisha, wanahamia Dar wanafungua duka.

"Mjomba alikufa," babu akasema.

"Hajafa."

"Sehemu ya 12 amekufa. Ticha, lete faili."

Faili likaletwa. Tochi ya simu ikawashwa. Mjomba kweli amekufa, tena amezikwa, tena nyama ya msibani imeelezwa. Mama Maandazi akachomoa kipande chake kutoka kwenye sidiria, akakikunjua, na kweli mjomba yupo, amevaa suti, anatoa nasaha. Tukakaa kimya wote. Mpakizi mmoja akasema labda mjomba naye ni jini. Ticha ndo akachukua vile vipande viwili akaviweka sambamba chini ya tochi, akaangalia sana, akaanza kucheka peke yake mpaka machozi. Herufi ni tofauti. Safu za gazeti hili ni nne, za lile ni tano. Tulikuwa tunasoma hadithi mbili za magazeti mawili, na wahusika wakuu kwa bahati mbaya wamepewa jina moja, na sisi miezi miwili tunaziunganisha, tunabishana, tunagombania kama mke ana mimba au hana. Kumbe mmoja anayo, mwingine hana.

Mama Maandazi alisema mabanzi harudishi. Babu yeye alikataa kabisa habari za hadithi mbili. Alisema ni moja, mwandishi amechanganyikiwa tu, na kwamba ile ya kwetu ni nzuri kuliko zote mbili, na akamwagiza Ticha aandike kwa peni nyekundu kwenye lile pengo kati ya 12 na ya mwisho kwamba mjomba alifufuka. Ticha akaandika. Lipo mpaka leo.

Mwezi wa tisa jua limerudi, watu wanakaa nje mchana, mafuta ya shangazi yanamiminika na babu ameanza kulalamika joto. Kazini mbao zinakauka vizuri na malori ni mengi, jioni tunachelewa, vikao vya getini vimepungua. Lakini kama unakuja mwakani mwezi wa sita na huna mtu Mafinga, usianze na kutafuta watu wa kwenu, tafuta mlinzi wa jirani, mpelekee sukari kilo moja na majani ya chai, mwamkie vizuri umalize salamu zote, mengine atakupangia yeye.

Na ukinunua maandazi popote kuanzia Iringa mpaka Makambako, kabla hujatupa gazeti geuza nyuma uangalie. Tunatafuta sehemu ya 9, 10 na ya 13, ile yenye safu nne. Piga picha tu, mafuta hayana shida, babu anasoma hata kwenye doa.